Vipande vya taa za kale ardhini: Jinsi ya kuvitambua na kukadiria umri wake

KIGURUDUMU cha shaba kisichozidi ukubwa wa sarafu ya shilingi, chenye meno madogo pembeni na kufunikwa na ukungu wa kijani, ni kitu kidogo kinachoweza kutoa mlio mkali chini ya kigunduzi cha vyuma. Mtu akikifukua katika kiwanja cha Kahawa Sukari, yamkini atakitazama mara moja na kukitupa katika debe la misumari na mabati yaliyooza. Ilhali hicho ndicho kidude kilichozungushwa kila jioni ili kupandisha utambi wa taa ya mafuta, na juu yake aghalabu ndiko mtengenezaji alikopiga mhuri wa jina lake.

Umri wa kipande kama hicho si suala la udadisi peke yake. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Urithi ya mwaka 2006 inaweka mpaka katika mwaka 1895. Kifaa chochote kinachohamishika kilichotengenezwa nchini Kenya, au kuingizwa nchini, kabla ya mwaka huo kinahesabiwa kuwa kitu cha kale, na vitu vya kale vilivyo ardhini ni mali ya serikali. Kilichoingia baada ya hapo hakimo katika fasili hiyo. Hivyo mwenye kuokota kipande cha taa hana budi kujiuliza swali la mwaka kabla ya kujiuliza swali la bei.

Mwaka 1895 haukuchaguliwa kwa bahati. Ndio mwaka ambao Uingereza ilitangaza himaya yake ya Afrika Mashariki. Wakati huo mji wa Nairobi haukuwapo. Reli kutoka Mombasa ilifika hapo mwaka 1899. Njia ya reli ya kwenda Thika, inayopitia Kahawa na Ruiru, ilifunguliwa mwaka 1913, na mashamba makubwa ya kahawa yaliyolipa eneo hili jina lake yalistawi katika miongo hiyo ya mwanzo wa karne ya 20. Kwa msingi huo, mtu anayefukua taa ya Kizungu Kahawa Sukari anapaswa kuanza kwa dhana kwamba taa hiyo ililetwa baada ya 1895, kisha atafute ushahidi wa kuipinga dhana hiyo.

Ushahidi huo hauwezi kupuuzwa kabisa. Misafara ya biashara kutoka pwani ilifika nyanda za Wakikuyu kabla ya reli, na Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilijenga ngome Dagoretti mwaka 1890. Taa moja iliyovunjika safarini yaweza kuwa imeachwa popote. Hata hivyo, msomaji azingatie jambo ambalo wengi hulikosea: sheria haiulizi tu kifaa kilitengenezwa lini bali pia kiliingia nchini lini. Taa iliyofuliwa Birmingham mwaka 1880, ikasafirishwa na mlowezi mwaka 1910 kama urithi wa nyanya yake, ni ya kale kwa mkusanyaji wa London lakini si ya kale kwa fasili hii ya Kenya. Kipande chenyewe hakiwezi kusema kilishuka melini mwaka gani. Kinachoweza kusema ni ardhi iliyokizunguka, na hiyo husema mara moja tu, kabla ya jembe kuichanganya.

Waliozitumia taa hizi

Hatari ya kwanza katika kazi hii ni kudhani kwamba kila taa yenye kutu ni ya zama za walowezi. Nchini Kenya taa ya mafuta haikuwa kitu cha makavazi hadi juzi. Katika sensa ya mwaka 2009, takriban kaya saba kati ya kila kumi zilipata mwanga wao mkuu kutokana na fanusi au koroboi. Ilipofanywa sensa ya mwaka 2019, karibu nusu ya kaya zilikuwa na umeme wa gridi na taa za sola zilikuwa zimeenea vijijini. Basi fanusi iliyotupwa shimoni mwaka 1990 imekuwa ardhini zaidi ya miaka 30, na bati jembamba halihitaji muda mrefu hivyo kuoza katika udongo wenye unyevu. Kutu si kalenda.

Historia ya umeme katika ukanda huu ina kinaya chake. Maji ya mto Ruiru yalitumiwa mapema katika karne iliyopita kuzalisha umeme wa kuangaza Nairobi, na mtambo wa Ndula kwenye mto Thika ukafuata mwaka 1925. Ilhali vibarua waliochuma kahawa katika mashamba ya kati ya mito hiyo waliendelea kununua mafuta ya taa kwa chupa kwa miongo kadhaa. Nyumba ya meneja ilikuwa na taa ya mezani yenye kichwa cha shaba. Karani alikuwa na fanusi. Kibarua alikuwa na koroboi. Mahali kipande kilipookotwa, iwapo ni karibu na msingi wa jumba la zamani au katika safu ya vyumba vya wafanyakazi, pana maana kama kipande chenyewe.

Jeshi nalo liliacha alama zake. Jirani na Kahawa Sukari ndipo palipokuwa na kambi ya Templer ya jeshi la Uingereza, iliyokabidhiwa serikali ya Kenya mwaka 1965 na kugeuzwa chuo, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Kenyatta. Vifaa vya jeshi hilo vilipigwa mhuri wa mshale mpana wenye mistari mitatu inayokutana juu. Fanusi yenye mshale huo ilikuwa mali ya serikali ya Uingereza, na katika eneo hili inaelekeza zaidi kwenye miaka ya vita vya pili vya dunia na ya hali ya hatari kuliko zama za walowezi wa kwanza. Ni vyema pia kukumbusha kwamba palipokaa jeshi huenda pakafukuliwa vitu visivyo taa. Chuma chochote chenye umbo la risasi kubwa au komora kiachwe palepale bila kuguswa, na polisi waarifiwe.

Sehemu za taa na zinavyooza

Taa ya mafuta ya mezani ina sehemu nne: tangi la mafuta, kichwa cha shaba kinachoshika utambi, chemni ya kioo na, kwa taa za fahari, kifuniko cha kusambaza mwanga. Katika udongo kioo huvunjika, tangi la bati huliwa na kutu, na kinachobaki ni kichwa. Hata hicho mara nyingi huwa kimebanwa na jembe la trekta mpaka kikafanana na kofia iliyokanyagwa. Ndani yake kuna mrija bapa au wa mviringo wa kupitishia utambi, magurudumu madogo yenye meno makali, na ufito unaotoka nje na kuishia kwa kile kigurudumu kilichotajwa mwanzoni.

Jaribio la kwanza ni sumaku. Shaba ya manjano haivutwi na sumaku. Chuma kilichopakwa shaba juu huvutwa. Vichwa vya taa vya karne ya 19 aghalabu ni vya shaba tupu, na vile vya bei nafuu vya baadaye ni vya chuma kilichopakwa. Jaribio hili lina kasoro moja. Wakati wa vita vya kwanza vya dunia Ujerumani ilipungukiwa na shaba, na viwanda vyake vikalazimika kutumia chuma badala yake. Kwa hiyo kichwa cha chuma si lazima kiwe cha juzi.

Jaribio la pili ni umbo la mrija wa utambi. Mrija mmoja bapa ndio wa kawaida na hausemi mengi. Mirija miwili bapa iliyosimama sambamba, yenye vigurudumu viwili vya kupandishia tambi, ni ya aina iitwayo Duplex, iliyotolewa na kampuni ya Hinks ya Birmingham mwaka 1865 na kupendwa mno na Waingereza. Aghalabu huwa na kijiti pembeni cha kuzimia taa bila kupuliza. Mrija wa mviringo, ambamo utambi bapa huingia chini na kukunjwa ukatoka juu kama duara, ni wa Kijerumani wa aina ya Kosmos, uliobuniwa Berlin na kampuni ya Wild & Wessel pia mwaka 1865. Viwanda vingine viliiga umbo hilo na hata jina lake, kwa hivyo neno Kosmos peke yake halimtambulishi mtengenezaji. Mrija mpana wenye tundu kubwa katikati la kupitisha hewa, pamoja na kisahani chenye matundu kilichokaa juu yake, ni wa taa za Rochester za Marekani za kuanzia mwaka 1884 na za jamii yake. Kisahani hicho ni kipande cha thamani kwa mtafiti, kwa kuwa Wamarekani walipenda kupiga tarehe za hataza, yaani haki za uvumbuzi, juu yake.

Vipimo navyo husaidia kujua asili. Kola ya Kimarekani, ile pete yenye parafujo inayounganisha kichwa na tangi, ina kipenyo cha inchi 7/8 kwa saizi namba 1, inchi 1¼ kwa namba 2 na inchi 1¾ kwa namba 3. Wajerumani walipima vichwa vyao kwa mstari wa Paris, kipimo cha kale chenye urefu wa milimita 2.256, na wakaonyesha kwa tarakimu yenye vijistari vitatu juu kulia. Mwenye kuona 10 au 14 ikifuatwa na vijistari hivyo asidhani ni inchi.

Kusoma mhuri

Mhuri ukisomeka, nusu ya kazi imekwisha. Nusu ya pili ni kujua mhuri unaahidi nini. Kosa linalorudiwa na wengi ni kuchukua tarehe ya hataza kuwa tarehe ya kutengenezwa. Kigurudumu kilichoandikwa kwamba hataza ilitolewa mwaka 1883 hakiwezi kuwa kimetengenezwa kabla ya mwaka huo. Kinaweza kuwa kimetengenezwa mwaka wowote uliofuata. Hataza ya Marekani wakati huo ilidumu miaka 17, lakini viwanda havikuwa na haraka ya kubadilisha kalibu ya mhuri kwa sababu tu haki imekwisha. Tarehe hiyo ni sakafu. Dari itafutwe kwingine.

Namba nazo zina hadithi yake. Hataza za Marekani zilifika namba 1,000,000 mwaka 1911 na 2,000,000 mwaka 1935, hivyo namba yenye tarakimu saba inayoanza na 1 inamaanisha kifaa hakikutangulia 1911. Nchini Uingereza, kila mwaka ulianza na namba 1 hadi ilipofika mwaka 1916, ambapo hesabu mpya ilianza na 100,001 na kuendelea bila kukatizwa. Namba ya hataza ya Uingereza yenye tarakimu sita kwa hiyo ni ya 1916 au baadaye. Hii ni mojawapo ya dalili rahisi na za hakika, na inatosha yenyewe kuondoa kipande katika mjadala wa 1895. Herufi Rd. No. ni jambo jingine: zinaonyesha umbo lililosajiliwa, usajili ulioanza na namba 1 mwaka 1884. Namba ndogo yenye herufi hizo ni ya kale kweli na inastahili kuangaliwa kwa makini.

Jina la nchi ndilo mhuri wenye faida kubwa kwa asiye mtaalamu. Mwaka 1887 Uingereza ilipitisha sheria ya alama za bidhaa iliyowasukuma watengenezaji wa nje kutaja nchi ya asili. Maneno Made in Germany juu ya taa hayatarajiwi kabla ya hapo. Herufi D.R.G.M., za usajili wa miundo midogo nchini Ujerumani, zilianza mwaka 1891 na zikatoweka baada ya 1945. Herufi D.R.P., za hataza kamili, zilianza 1877. Neno Western Germany au West Germany ni la baada ya Ujerumani kugawanywa rasmi mwaka 1949. Czechoslovakia, jina linaloonekana kwenye fanusi za Meva zilizosafirishwa kwa wingi nje ya nchi hiyo, lilikuwapo tangu 1918 hadi mwisho wa 1992. Msomaji ataona kwamba mara nyingi mipaka ya mataifa hufanya kazi ya kalenda vizuri kuliko umbo la taa, ambalo halikubadilika sana kwa miaka 100.

Reli ilipiga herufi zake kwenye vifaa vyake, na hizi ni rahisi kuliko zote. U.R. ni Reli ya Uganda, jina lililotumika hadi mwaka 1926, lilipobadilishwa kuwa Reli ya Kenya na Uganda, K.U.R. Mwaka 1948 zikaja E.A.R. & H., za shirika la reli na bandari la Afrika Mashariki, kisha kuanzia 1969 E.A.R. pekee. Shirika la Reli la Kenya liliundwa mwaka 1978 baada ya jumuiya ya zamani kuvunjika. Kipande cha taa ya mkono ya mlinzi wa treni kikiokotwa kati ya Kahawa na Ruiru chaweza hivyo kupangwa ndani ya kipindi cha miaka 20 au 30 kwa kusoma herufi mbili tatu.

Fanusi

Kati ya taa zote zilizoingia Afrika Mashariki, fanusi ya dhoruba ndiyo iliyoenea mpaka vijijini. Mirija miwili ya pembeni inayopeleka hewa kwenye mwali ilibuniwa na Mmarekani John Irwin mwishoni mwa miaka ya 1860 na kuboreshwa mapema katika miaka ya 1870, na kampuni ya R.E. Dietz ya New York ikaifanya biashara ya dunia nzima. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1840, jambo linalowafanya wauzaji wengine kudai kwamba fanusi yoyote yenye jina Dietz ni ya karne ya 19. Si kweli. Kampuni hiyo ilifungua kiwanda Hong Kong mwaka 1956, na baadaye kazi ikahamia China. Jina la mji au nchi chini ya jina la kampuni ndilo linaloamua.

Mpinzani mkubwa wa Dietz alikuwa Feuerhand, jina lenye maana ya mkono wa moto, la kiwanda cha Hermann Nier kilichoanzia Beierfeld katika jimbo la Saxony mwanzoni mwa karne ya 20. Baada ya vita vya pili vya dunia Beierfeld ilijikuta upande wa mashariki, na fanusi za Feuerhand zikatengenezwa upya upande wa magharibi. Hapo ndipo maneno Western Germany yanapokuwa ya msaada. Kioo cha fanusi hizi huwa na maandishi yaliyopigwa ndani ya glasi yenyewe, na kipande cha ukubwa wa ukucha chaweza kuwa na herufi za kutosha kuokoa kazi nzima. Jenaer Glas, jina la glasi isiyopasuka kwa joto kutoka mji wa Jena, ni mfano. Vilevile, glasi ya zamani iliyochanganywa na manganizi hubadilika rangi na kuwa ya zambarau hafifu ikikaa juani miaka mingi. Mchanganyiko huo uliachwa na viwanda vingi karibu na wakati wa vita vya kwanza vya dunia. Kipande cha zambarau kilichookotwa juu ya ardhi, si ndani yake, kina uzito wa ushahidi.

Karabai na soksi yake

Karabai, taa ya pampu, huacha vipande vizito vya shaba ambavyo huokotwa vikiwa salama kuliko vya taa nyingine: tangi lenye mdomo wa pampu, mrija wa mvuke, na pete ya kauri iliyoshika kifuko cha kitambaa ambacho wengi wanakiita soksi. Kifuko hicho ni uvumbuzi wa Carl Auer von Welsbach wa Austria, mwaka 1885, lakini taa ya pampu ya mafuta yenye jina Petromax ilikuja mwaka 1910 kutoka kampuni ya Ehrich & Graetz ya Berlin. Hakuna Petromax ya kabla ya 1895, wala haiwezi kuwapo. Herufi HK zilizo baada ya tarakimu kwenye tangi la Petromax huwapotosha wengi wakadhani ni Hong Kong. Hizo ni kipimo cha Kijerumani cha nguvu ya mwanga. Hong Kong kwenyewe pia kulitoka karabai nyingi baada ya vita vya pili, na hizo huandikwa jina hilo kwa urefu.

Vichwa vya majiko ya Primus, yaliyoanza kutengenezwa Sweden mwaka 1892, hufanana mno na sehemu za karabai. Tofauti ni kwamba cha jiko kina mirija minne iliyokunjwa kuelekea juu na sahani ya kueneza moto, wala hakina mahali pa kufungia kifuko. Kuhusu vifuko vyenyewe, vya zamani vilitiwa thoriamu, madini yenye mnururisho hafifu. Majivu meupe yakipatikana ndani ya kipande cha karabai yasipulizwe wala kunuswa.

Koroboi

Wakusanyaji wengi hukipita kifaa kimoja bila kukitazama, nacho ndicho chenye uhusiano wa karibu zaidi na watu wa hapa. Koroboi haikutoka kiwanda chochote cha Berlin wala Birmingham. Fundi wa bati aliifua kwa kopo lililokwisha kazi, akalehemu mrija mwembamba katikati ya mfuniko, akatia mkono wa kushikia pembeni. Hata debe, lile ambalo wauza mahindi wanalipimia hadi leo, liliingia nchini likiwa limebeba galoni nne za mafuta ya taa; liliporudi sokoni likiwa tupu ndipo lilipozaa taa, ndoo na mapaa ya nyumba.

Kuikadiria koroboi kunahitaji kusoma kopo badala ya taa. Maandishi ya biashara yaliyosalia ndani, ambako kutu haikufika, yaweza kutaja bidhaa, uzito na kampuni. Uzito ulioandikwa kwa ratili na aunsi unatangulia ule wa gramu, kwani Kenya ilihamia vipimo vya metriki baada ya uhuru. Mistari ya msimbo wa kusomwa na mashine inamaanisha kopo lilitolewa baada ya 1974, mwaka ambao mistari hiyo ilitumika dukani kwa mara ya kwanza duniani. Koroboi ya mwaka 1930 iliyotengenezwa na fundi wa Thika ni adimu kuliko kichwa cha Duplex. Si kwa sababu zilikuwa chache bali kwa sababu zilitumika hadi zikatoboka, na hakuna aliyeona haja ya kuzihifadhi.

Sheria, jembe na mnunuzi wa vyuma

Sheria ya 2006 inakataza mtu kutafuta vitu vya kale vilivyofukiwa, kwa kuchimba au kwa upekuzi wa juu ya ardhi, bila leseni ya uchunguzi, hata kama mahali hapo si eneo lililohifadhiwa rasmi. Anayepita na kigunduzi kiwanjani kwa nia hiyo amekwisha kugusa sheria kabla hajapiga jembe, na ruhusa ya mwenye shamba, ingawa ni ya lazima, haichukui nafasi ya leseni. Hali ya mtu anayechimba msingi wa nyumba au shimo la choo na kukutana na kitu kwa bahati ni tofauti. Huyo, akigundua kitu chenye umuhimu wa kiakiolojia, ambacho kwa fasili ya sheria ni kile kilichokuwapo kabla ya mwaka 1800, anatakiwa kuwaarifu Makavazi ya Kitaifa ya Kenya ndani ya siku saba na kueleza mahali na namna kilivyopatikana. Taa ya mafuta ya petroli haiwezi kuangukia huko, kwani mafuta hayo yaliingia sokoni katika miaka ya 1850. Taa ya udongo au ya jiwe yaweza.

Katika ujenzi unaoendelea kandokando ya barabara kuu ya Thika, tishio kubwa kwa vipande hivi si mkusanyaji bali mizani ya mnunuzi wa vyuma chakavu. Shaba ya manjano ina bei kwa kilo, na kichwa cha taa cha mwaka 1900 hulingana thamani na mfereji uliovunjika jana. Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 inamtaka mnunuzi awe na leseni. Haimtaki ajue historia.

Aliyeokota kipande na asitake kukipoteza ana mambo machache ya kufanya. Aandike mahali hasa, kina kutoka juu, na vitu vilivyokuwa pamoja nacho. Sarafu ndiyo mwenzi bora: rupia ilikoma kutumika mwaka 1920, sarafu za shilingi ya Afrika Mashariki zilianza 1921, na za Kenya huru zikaingia 1966. Kichwa cha taa kilicholala tabaka moja na senti 10 yenye tundu katikati, chini ya sakafu isiyovurugwa, kimejieleza. Picha ipigwe kabla ya kukitoa, kipimo kikiwa kando.

Usafi ufanywe kwa maji, brashi laini ya meno na subira. Ndimu, siki, majivu na poda ya kung'arishia shaba huondoa ukungu wa kijani pamoja na herufi zilizokuwa chini yake. Mhuri hafifu husomeka vizuri zaidi kwa tochi inayomulikwa kutoka ubavuni gizani, au kwa kuweka karatasi nyembamba juu yake na kusugua kwa penseli. Chuma kilichotoka udongo wenye unyevu kikaushwe polepole kivulini, kwani kikianikwa juani hubambuka.

Kwa kulinganisha, taa na vifaa vya reli vimo katika Makavazi ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971 karibu na steshini kuu. Kwa vitu vinavyodhaniwa kutangulia 1895, mlango ni mmoja: makao ya Makavazi ya Kitaifa yaliyoko Museum Hill, Nairobi, ambako kipande hupelekwa kikiwa na udongo wake, hakijasuguliwa, pamoja na ile karatasi yenye maelezo ya mahali kilipotoka.